Tulivyoiposa Kazi

Jumatatu, 10 Machi 2014

Tangazo limebandikwa Base Camp, penye ofisi za makazi yetu ya wakimbizi, juu ya lile la chanjo ya mbuzi. Shirika la Jamii Moja linahitaji Afisa Ustawi wa Jamii. Mmoja tu. Masharti: shahada (ninayo, tangu Desemba, imo ndani ya plastiki), uzoefu, lugha tatu, wadhamini, na wasifu usiozidi kurasa mbili. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Nimelinakili tangazo lote, pamoja na mhuri. Nafasi hii iliandikwa kwa ajili yangu. Limebaki jambo moja: wenyewe walijue hilo.

Mutesi, niliyesoma naye darasa moja Mbarara, alikuwapo pia. Hakuwa na kalamu. Alisoma mara moja, akaondoka. Kujionyesha!

Jioni nimepima wasifu wangu kwa rula. Sentimita kumi na nne, pamoja na jina. Na jina langu, Constantin Niyomugabo, si fupi.

Hali ni nzito. Mjomba Natanaeli, mwenye kuuza maziwa Kaberebere, alishatamka mbele ya mama na mbele ya shemasi kwamba ananivumilia hadi tarehe thelathini na moja. Baada ya hapo ananitaka kwenye baiskeli, na madebe matatu ya maziwa, kutoka Masha hadi dukani kwake, kila asubuhi. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa shahada. Akajibu, kwa Kiswahili chake cha Kongo, kwamba diplome haichachi, ila mwenyewe njo anachacha.

Kwa hiyo: kazi, au madebe. Siku nne.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kuunenepesha wasifu. Nimeanza na majuma yangu manane ya mafunzo katika kituo kimoja cha vijana, Biharwe. Huko nilikabidhiwa ufunguo wa stoo. Nimeandika: Msimamizi Mkuu wa Usalama wa Rasilimali. Katika semina ya siku mbili niligawa chai. Nimeandika: Mratibu wa Mapokezi. Siku ya pili chai iliisha mapema. Nimeandika: uzoefu katika kukabili dharura.

Sentimita kumi na tisa. Maendeleo.

Nimemsomea mama akiwa anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye "mwenye bidii, busara na haiba ya uongozi", aliweka ungo chini. Akauliza nani amesema hayo. Nikasema mimi. Akauliza ni mimi nasema juu ya nani. Nikasema juu yangu. Akashika mashavu. "Mutoto wangu! Mutu anajisifu na kinywa chake? Batu batasema huna kwenu!"

Nikamweleza kwamba ndivyo ulimwengu wa ajira ulivyo. Akaniuliza ni lini niliona kijana anaenda kuposa, anasimama mwenyewe mbele ya wakwe, anaanza kuhesabu uzuri wake. Akaniambia kijana anayefanya hivyo hapewi msichana, anapewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia.

Mama hakuenda chuo, lakini katika hili amegusa kiini. Kasoro ya wasifu wangu si urefu. Kasoro ni msemaji. Kazi moja, waombaji wengi, familia yenye masharti: hii ni posa! Na posa ina msemaji wake.

Wazo. Kubwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwendea Mzee Sebagabo, muuza viazi vitamu wa Kashojwa. Kwa viazi hajulikani. Anajulikana kwa kusema. Katika makazi haya ya Nakivale amewaposea watu wasichana thelathini na mmoja. Amekataliwa mara moja tu, na familia hiyo, kwa maelezo yake, ilimfuata baadaye hadi Juru kuomba radhi.

Nilimweleza shauri langu kwa ufasaha. Alisikiliza huku akizigeuza kofia na fimbo yake. Kisha maswali. Hiyo kazi iko ya nani? Baba yake ni nani? Kuko mwingine anaitaka? Nikasema yupo Mutesi. Akauliza kwao Mutesi ni wapi, msemaji wake nani. Nikasema hana msemaji. Akatabasamu kwa huruma.

Ujira hakutaka. Alitaka mambo mawili tu: popote tuendapo akalishwe kwenye kiti chenye mikono, na atambulishwe kabla yangu. Nimeridhia. Ni haki ya mtaalamu.

Akaanza kunitungia wasifu, mimi nikiandika. Ameanzia milima ya Itombwe, kwetu Kongo. Kutoka hapo akashuka kwa babu wa babu yangu, akamwozesha, akamhamisha malisho mara mbili, akataja ng'ombe wake kwa majina: Bihogo, Gaju, Sine, na ndama wao. Ukurasa wa tatu ulipoisha nilikuwa bado sijazaliwa. Niliuliza kwa adabu nitazaliwa lini. Akanijibu nisiwe na haraka, baba yangu bado anachunga.

Nimezaliwa ukurasa wa saba. Kwa shangwe.

Shahada yangu imepata mstari mmoja, mwishoni mwa ukurasa wa kumi na moja: "Tena alisoma."

Nilimdokeza kuhusu sharti la kurasa mbili. Akanifundisha kwamba kila baba wa msichana husema mje wachache. Hakuna aliyewahi kuwafukuza wageni waliokwisha kufika.

Hoja haina tundu.

Alhamisi, 13 Machi

Mbarara. Nimekwenda kupigisha chapa katika duka la kompyuta karibu na stendi. Binti wa kompyuta alipokea makaratasi, akayapima uzito kwa kiganja, akauliza, "Ssebo, hii ni siivii ama ni Agano la Kale?" Nikamjulisha kwamba ni kazi ya kitaalamu. Akasema haya, yeye atapiga, lakini huyo Gaju ni ndugu yangu au ni nani? Nikasema ni ng'ombe. Hakuuliza tena. Kila alipofika kwenye jina jipya alinitazama tu, mimi nikitikisa kichwa kwa ndiyo au hapana.

Kwenye kompyuta ya pili, nani? Mutesi! Ukurasa mmoja na nusu, na nafasi nyingi nyeupe. Nimeusoma kwa pembe ya jicho. Kaya sitini na nne alizozitembelea kwa kujitolea. Wazee waliopelekwa zahanati. Ameweka tarehe. Hakuna hata mtu mmoja wa ukoo wake. Mkavu kama risiti.

Alinisalimu vizuri, hilo nalikubali. Akauliza kama nimeweka zile barua. Barua zipi? Zile nilizowaandikia wakongwe wa kijiji chetu, kadi zao za chakula zilipopotea baada ya mvua kubwa. Arobaini na tatu, yeye aliwahi kuzihesabu. Alisema karibu wote walipata kadi mpya, na kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe inayotangazwa.

Nikamweleza kwamba zile niliziandika kwa sababu mama alinituma. Mtu hawezi kuweka kwenye wasifu jambo alilotumwa na mama yake. Mutesi alinitazama, akasema, "Basi muweke mama."

Wivu una sura nyingi.

Kurasa kumi na moja, zimebanwa pini mbili. Pini moja haikufika upande wa pili.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kuwasilisha. Vikwazo vidogo vidogo? Hapana. Pigo kamili, na nitaliandika kwa utulivu.

Tulifika ofisi za Shirika saa tatu asubuhi. Mimi na koti, Mzee Sebagabo na fimbo. Nilimtambulisha kwanza. Mlinzi aliuliza tumekuja kwa shida gani. Sasa, msemaji wa kweli hatamki alichokuja kutafuta. Kukitamka ni kuonyesha njaa. Mzee aliuliza habari za mvua. Akauliza habari za malisho. Akaomba maji, akayasifu. Mlinzi akauliza tena. Mzee akajibu kwamba tumepita tu, tumesikia hapa kuna watu wema.

Mlinzi akahitimisha kwamba tumekuja kulalamika. Akatupa namba arobaini na sita na kutuonyesha benchi la malalamiko.

Benchi! Halina mikono. Nilimwomba Mzee radhi kwa niaba ya Shirika. Mzee alikaa, lakini kwa upande mmoja tu, ili ijulikane kwamba hakukubali.

Saa kumi na dakika arobaini namba yetu iliitwa. Karani alikuwa amechoka. Akauliza, "Nyinyi shida yenu?" Mzee akaanza na Itombwe. Karani akanyoosha mkono, akaichukua bahasha yangu, akaigonga mhuri wa tarehe, akaitumbukiza katika sanduku jekundu lenye kufuli. Kisha akasema tutaitwa.

Tukiwa nje ndipo nilipolisoma lile sanduku. MALALAMIKO. Hufunguliwa kila Jumatatu.

Mzee Sebagabo anaona tumepokelewa vyema. Anasema mambo yakitiwa ndani ya kufuli siku ya kwanza, ni dalili ya heshima.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda ibadani. Mjomba Natanaeli alikuja kutoka Kaberebere akiwa amevaa tai. Baada ya ibada akanipima mabega kwa mikono, mbele ya kwaya. Akasema yatabeba.

Jumatatu, 17 Machi

Simu! Saa nne. Sauti ya mwanamke: Madamu Kemirembe, mkuu wa ofisi ya Shirika. Ananitaka kuhusu malalamiko yangu ya kurasa kumi na moja.

Nikaenda peke yangu, nikikimbia, jambo ambalo Mzee asilijue. Madamu ni Mnyankore, mwenyeji wa huku, mtu mzima, miwani puani. Alikuwa amesoma yote, na alama za kalamu nyekundu pembeni. Alisema katika miaka yake sita hajaona lalamiko lililoandaliwa kama hili. Lakini alinihurumia. Ng'ombe mia moja na arobaini waliopotea Kongo, alisema, si kazi ya ofisi hii. "Sisi hapa tunaangalia mambo ya sufuria na turubai. Hii Bihogo yako, ssebo, nitaitafuta wapi?"

Nikamfafanulia kwamba huo ni wasifu.

Alivua miwani. Akaivaa. Akarudi ukurasa wa kumi na moja, akasoma "Tena alisoma", na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilichukua muda. Nilitazama ukutani, kama mtu aliyelelewa.

Hatimaye akauliza kama ni mimi Constantin niliyekuwa nikiwaandikia wakongwe barua za kadi. Anao mwandiko wangu katika jalada, barua tele. Nilikiri kwa aibu. Akaandika kitu. Kisha akasema bahasha ina mhuri wa Ijumaa, saa halali, na hawezi kusema haikufika. Walioteuliwa kwa usaili ni watatu, mmoja amekwenda Kampala. Nije Alhamisi. Kurasa mbili. Peke yangu. Neno "peke yako" alilisema mara mbili.

Mara mbili! Maana yake ni ile ile: mje wachache.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi nyumbani kwa Mzee Sebagabo, kati ya magunia ya viazi. Yeye alikuwa Shirika, mimi nikawa mimi. Amenifundisha haya. Usiketi kabla ya kuambiwa mara mbili. Usimtazame mwenye nyumba kama unayetaka kitu. Ukiulizwa umefuata nini, sema unatafuta mtamba aliyepotea, umepita hapa kwa bahati. Wenye akili wataelewa.

Nilimwuliza kama na Shirika wataelewa. Akasema Madamu ni Mnyankore, wale watu wana ng'ombe, atafahamu vizuri sana.

Mama alitusikiliza kutoka mlangoni. Akaniuliza kama nisingeweza kusema tu kwamba naitaka kazi. Nikamkumbusha kwamba huu wote ni ushauri wake mwenyewe. Akasema yeye alikuwa anaongea juu ya kujisifu, hakuongea juu ya mtamba. Akaenda zake. Wazee wa nyumbani hutoa wazo kisha hulikimbia.

Kurasa mbili nimeziandaa. Nimechukua ya kwanza na ya kumi na moja.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kwa mpangilio. Hii ni siku ya historia.

Wasaili wawili: Madamu Kemirembe, na Bwana Okidi wa ajira aliyetumwa kutoka Kampala. Huyu ni mtu wa saa. Aliiweka mezani mbele yake. Mzee Sebagabo nilimwacha barazani, kwenye kiti chenye mikono, nilichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwa shemasi. Kwa hiyo niliingia peke yangu. Sharti lilitimizwa.

Bwana Okidi aliuliza kwa nini naitaka kazi hii. Nikasema siitaki. Nikasema natafuta mtamba aliyepotea, nimepita kwa bahati.

Bwana Okidi aliangalia saa, halafu Madamu, halafu mimi. "Wewe, hapa hakuna ng'ombe. Jibu moja kwa moja. Unataka kazi, hutaki kazi?" Madamu alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mafunzo yote yaliniponyoka isipokuwa moja: mambo yakikwama, mwite msemaji. Nikafungua mlango.

Mzee aliingia na kiti chake.

Bwana Okidi aliuliza huyu ni nani. Nikasema ni mdhamini wangu, na tangazo limetaja wadhamini. Hakuweza kulipinga. Basi akasema kwa hasira kidogo kwamba atauliza swali moja analowauliza wote, kisha afunge. Kashojwa, kaya mbili, mbuzi wa mmoja amekula maharagwe ya mwenzake, watu wameshika majembe. Nitafanya nini?

Mzee akatangulia. Akauliza mbuzi ni jike? Mwenye maharagwe binti yake ameolewa wapi? Kabla hajajibiwa alikwisha kuwakalisha, kuwanywesha maziwa, kumfunga mbuzi, na kukumbusha kwamba bibi ya huyu alizalishwa na bibi ya yule njiani wakikimbia. Ilikuwa kama kuwaona. Madamu aliandika haraka haraka. Hata Bwana Okidi alisahau saa.

Kisha Bwana Okidi akanigeukia mimi. Na wewe? Nilikuwa nimechoka na sikuwa na uongo wowote wa karibu. Nikasema ningemwita Mzee huyu, kwa kuwa pande zote humsikia. Ningeandika walichokubaliana, na baada ya wiki mbili ningepita kwao kuona kama kimefuatwa.

Wakanong'onezana. Madamu akasema Shirika huita wazee kwenye mikutano mara tatu na hawaji, na huyu kijana amekuja na mmoja bila gari wala posho. Akataja zile barua za wakongwe. Bwana Okidi akakohoa. Akasema, hata hivyo, wameamua. Wananipa kazi. Kuanzia tarehe mosi Aprili, miezi mitatu ya majaribio. Mutesi atakuwa wa akiba.

Kazi! Mimi! Nilifungua kinywa.

Mzee Sebagabo akaniwekea fimbo kifuani.

Akanieleza kwa sauti ya chini, kwa haraka. Nilidhani nimeshika kila kitu, lakini yeye alikuwa ameona nilichokuwa sijaona. Asubuhi tulikuja kuposa. Sasa wao njo banaposa! Wametamka kwamba wananitaka. Meza imegeuka. Sasa sisi ndio upande wa bibi-arusi. Na ni familia gani yenye jina hutoa binti kwa ombi la kwanza? Watasema tulikuwa tumeshindwa kumlisha.

Kweli tupu.

Akasimama, akavua kofia. "Tumesikia, tumeshukuru. Lakini huyu kijana wetu, hatumutoi." Akaketi.

Madamu akacheka, akafungua mdomo kusema neno. Bwana Okidi akamwahi. Akaniuliza mimi kama hayo maneno ya mzee ni yangu pia. Nilifunga kifungo cha koti. Nikasema na mimi ni mtu mwenye kwao. Kwa leo, hapana.

Akaandika neno moja katika jalada, fupi, akalifunga. Nadhani ni tarehe ya wao kuja nyumbani kwetu.

Tulitoka polepole. Mwenye haraka huonyesha njaa. Tulikuwa hatujafika langoni, Madamu akatufuata barazani, viatu mkononi. "Constantin! Rudi ndani sasa hivi, useme ndiyo. Okidi si mtu wa huku, hajui mambo ya kukataa-kataa!"

Mzee alinibana mkono. Unaona? Hatujatoka kwenye uwanja, tayari wanarudi! Lakini ombi la pili haliombwi barazani, watu wamesimama, bila hata kiti. Nilimshukuru Madamu kwa heshima zote. Nikamwambia nyumbani kwetu tupo siku zote.

Amebaki amesimama pale. Nimempungia mkono.

Jumamosi, 22 Machi

Ninawangoja wajumbe wa Shirika. Mama amekamua, amechemsha, amefunika. Viti sita, kimoja chenye mikono. Nimefagia hadi kwa jirani.

Hawakuja. Mzee anasema ni vizuri. Wanaokuja upesi hawakujadiliana.

Mama ameniuliza kama ni kweli niliambiwa "tunakupa kazi" nikasema "hapana". Nikamwambia ni suala la kitaratibu. Halafu akayarudisha maziwa jikoni, akayanywa mwenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Wameenda kwa Mutesi.

Habari nimeipata kwake mwenyewe. Alikuja saa nane, akaketi kwenye kimojawapo cha vile viti sita. Alisema walimpigia Ijumaa asubuhi, akakubali. Nikauliza mara ya ngapi. Hakuelewa swali. Mara ya kwanza! Kwa simu! Akiwa amesimama kwenye foleni ya maji!

Nilijizuia. Nikampongeza. Akasema ananisikitikia, na kwamba Madamu Kemirembe alimwambia nilikuwa wa kwanza, jambo ambalo yeye halimuudhi, kwani barua zile alizijua. Akaniambia kukiwa na nafasi ya kujitolea atanitajia jina. Nilijibu kwamba wazo hilo tutalijadili na upande wetu.

Alipotoka, mama alimsindikiza hadi mbali. Walikuwa wakiongea. Mara mbili mama aligeuka kunitazama.

Ijumaa, 28 Machi

Pigo lingine. Mzee Sebagabo ameajiriwa.

Si uvumi. Nimemwona sokoni akiwa na fulana ya Shirika, kitambulisho shingoni na mwavuli mkubwa. Mpatanishi wa Jamii, siku tatu kwa juma. Bwana Okidi mwenyewe ndiye aliyeshauri, kwa sababu ya yule mbuzi. Mutesi ndiye atakayeandika wanayokubaliana watu, na kupita baada ya wiki mbili.

Nilimwuliza kwa upole: wao walipomwomba, alikataa mara ngapi? Akasema hakukataa. Nilishtuka. Nikamkumbusha kanuni zake. Akanishika bega, akaniambia, "Mutoto, msemaji anakataliaka wengine. Yeye mwenyewe nani atamusemea? Nilikuwa peke yangu. Nikasema ndiyo."

Amenipa viazi vitatu.

Jumanne, 1 Aprili

Kaberebere. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Masha, na baiskeli, na madebe matatu. Mjomba Natanaeli alinifunga kamba za mpira mwenyewe, akazunguka baiskeli mara mbili, akasema shahada ni nzuri, imenipa subira ya kushuka mteremko. Nilimwaga robo debe mbele ya kanisa. Ng'ombe wa huku hawana majina yanayofahamika.

Wasifu umefikia sentimita ishirini na nne: Meneja wa Usafirishaji wa Mazao ya Mifugo, ukanda wa Masha.

Mchana, juu ya kreti tupu dukani, nimefanya tathmini ya jambo zima bila hisia, kama nilivyofundishwa. Nini kilienda vibaya? Mama ametuma ujumbe kwamba nilipaswa kusema ndiyo. Mjomba anasema hivyo hivyo. Madamu alisema hivyo barazani. Hata mteja mmoja wa maziwa, niliyemsimulia kwa muhtasari, amesema hivyo. Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeona mzizi wa tatizo.

Mzizi ni huu: tulikataa mara moja tu, kisha tukanyamaza. Shirika likadhani tumekosa hamu. Familia yenye jina ingekuwa imekataa tena, haraka, kwa msisitizo, ili wajue mlango bado uko wazi.

Nimemwandikia Bwana Okidi barua, nakala tatu, mwandiko wangu bora. Nimekataa kazi kwa mara ya pili.

Sasa lazima waje.